Usimwite kwa Sauti Kubwa

Usitoke mbio, Siva. Kaa. Maliza hiyo kahawa.
Najua nje ni giza; hapa Vardø mwezi wa Desemba
giza halina saa, ukingoja kuche utangoja hadi Januari.
Nalo si adui yako. Giza ndilo linalowasha macho ya paka.

Nakwambia nilivyokosea mimi, ili wewe ukosee mengine.

Smule wangu alipotoka
(fundi wa mabomba aliacha mlango wazi, dakika mbili, labda tatu)
nilikwenda mbali. Nikafika gatini, nikafika kanisani,
nikalipaza jina lake, upepo ukanirudishia kinywani
pamoja na theluji. Smule, maana yake chembe ya mkate.
Mtu mzima, miaka sabini na moja,
naipigia barabara kelele: "Chembe! Chembe!"
kana kwamba nimeangusha kifungua kinywa.

Naye alikuwa karibu. Wako karibu daima, hawa wa ndani.
Paka aliyezoea zulia, akikanyaga theluji mara ya kwanza,
hafungi safari: hujibana kwenye upenyo wa kwanza
akafumba mdomo. Anakusikia. Hapo ndipo panapouma.
Anakusikia unaliita jina lake, wala hatikisi sharubu,
maana hofu imemwambia kuwa anayejibu huliwa.

Basi nyumba tatu huku, nyumba tatu kule, usizidishe.
Lala kifudifudi. Ndiyo, na hiyo suruali ya kiwandani
inayonuka samaki; heri inuke.
Tochi uishike usawa wa jicho, si kiunoni,
umulike chini ya ngazi, chini ya mashua zilizofunikwa,
kwenye pengo la msingi ambamo hata mkono haupiti.
Hutafuti paka. Unatafuta vitone viwili vya kijani.

Weka nje fulana uliyoivaa jana. Usiifue.
Theluji mpya ikianguka, shukuru, itaandika aliyepita;
ila fisimaji naye anajua kuandika, usichanganye mwandiko.

Na usiwaombe watu watazame. Watatazama
kama watazamavyo mita ya umeme, kwa jicho moja,
"Nimeangalia, hayumo." Omba ufunguo. Ingia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama.
Banda la pili kulia ni la Asbjørn,
na mimi na Asbjørn hatukuwa tumesalimiana
tangu mambo ya uzio. Miaka tisa,
kwa sentimita arobaini za ardhi isiyoota hata kitunguu.
Siku sita nilitafuta kila mahali ambapo si pale.
Nilikizunguka kisiwa kizima
ili nisigonge mlango ulio hatua ishirini.

Siku ya saba niligonga. Akafungua na soksi moja mguuni.
Nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema tu, "Paka."
Akageuka, akarudi ndani. Nikajua ndiyo basi, kanifungia.
Akatoka na soksi ya pili, na tochi kubwa ya zamani,
betri zimefungwa kwa utepe.

Tukalala kifudifudi, wazee wawili,
kwenye sakafu ya banda lake, nami nikanong'ona.
Si jina. Nilisoma orodha ya dukani:
maziwa, viazi, viberiti, sabuni ya vyombo,
kwa ile sauti ya jikoni isiyotaka kitu kwa mtu.
Nyuma ya jokofu bovu, vitone viwili.

Hakunirukia kifuani. Usitegemee hilo.
Alitoka akiburura tumbo, amekonda, ana masizi,
akaupita mkono wangu kama mguu wa meza,
akaambaa na ukuta hadi kwangu, akala, akalala siku mbili.

Tochi yenyewe ile pale, juu ya kabati. Ichukue.
Bonyeza mara mbili, ya kwanza haishiki.
Miezi minne nasema kesho nitaipeleka.
Ukimpata Muthu wako, mrudishie Asbjørn,
mwambie...
Hapana. Niletee mimi.
Nitaipeleka mwenyewe.